Majaribio ya elimu yafadhiliwe, ila yapite mikononi mwa serikali

Mwishoni mwa 2017, watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 hivi vya mkoa wa Tanga walianza kujifunza kwa vishikwambi. Wengi hawakuwahi kukanyaga darasani. Mwalimu hakuwepo. Kilichokuwepo ni kituo cha kuchajia kwa umeme wa jua na programu za Kiswahili za timu tano zilizokuwa zikiwania tuzo ya XPRIZE ya dola milioni 15, fedha zilizotoka kwa Elon Musk. Kabla ya hapo, zaidi ya watoto 9 katika kila 10 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi hiyo ilipungua kwa nusu.

Wanaopinga majaribio ya namna hii wana hoja, na si ndogo. Nusu ile nyingine ilibaki haisomi. Fedha zile zingejenga madarasa na kununua madawati. Na kinachouma zaidi: wanaojaribiwa ni watoto wa maskini siku zote, wa wakubwa hawajaribiwi.

Lakini tuulize pia fedha zikimwagwa bila jaribio huwa nini. Mwaka 2013 na 2014 shirika la kiraia la Twaweza liliendesha jaribio la KiuFunza katika shule za msingi 350 za Tanzania. Shule nyingine zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, katika nyingine walimu waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto anayefaulu, na nyingine zilipata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikupandisha alama za watoto. Ruzuku pamoja na bonasi ilipandisha. Bila jaribio lile tungeendelea kuamini kwamba fedha zikifika shuleni, kazi imekwisha.

Kenya nayo ina la kusimulia. Mwaka 2013, wakati wanasiasa wakiahidi kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza, mradi wa kusoma na hesabu wa PRIMR ulikuwa ukipima huko Kisumu kama vifaa vya kidijitali vinaongeza chochote juu ya vitabu, miongozo ya mwalimu na afisa wa kumtembelea darasani. Vilivyokuwa mikononi mwa wanafunzi havikuongeza cha maana. Kompyuta zilinunuliwa hata hivyo. Jibu la Kisumu liliokolewa na Tusome, mpango wa kusoma wa nchi nzima ulioanza 2015: kila mtoto kitabu chake, na kishikwambi apewe afisa anayezungukia shule.

Somo zito kuliko yote, kwangu mimi, ni la walimu wa mkataba. Utafiti uliofanyika magharibi mwa Kenya ulionyesha kuwa mwalimu wa mkataba anainua matokeo, na serikali ikapanga kuajiri 18,000. Watafiti wakagawa shule 192 nchini kote: baadhi zilipata mwalimu kupitia shirika lisilo la serikali la World Vision, nyingine kupitia wizara. Kwa World Vision watoto walifanya vizuri zaidi. Kwa wizara, hakuna kilichobadilika. Mishahara ilichelewa, usimamizi ulilegea, na chama cha walimu kilikuwa kimekwenda mahakamani kuupinga mpango. Mwalimu ni yuleyule kwenye karatasi, mkataba ni uleule. Aliyebadilika ni mwenye kuuendesha.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wafadhili wengi. Wanapenda kulipia ubunifu: programu mpya, kifaa kipya, shule ya mfano yenye bango langoni. Jaribio linaendeshwa na shirika lenye magari na wafanyakazi wake, matokeo yanapendeza, kisha mradi unakabidhiwa kwa halmashauri ambayo afisa elimu kata wake hana hata mafuta ya pikipiki. Ujasiri ninaoutaka ni kupeleka jaribio kupitia halmashauri hiyohiyo tangu siku ya kwanza, mishahara ipite njia ileile ya kila mwezi, na chama cha walimu kikae mezani kabla, si baada. Matokeo yatakuwa madogo. Yatakuwa ya kweli.

Na serikali zetu ziweke chao humo, hata kama ni kidogo. Mwaka 2025 Marekani ilipolivunja shirika lake la misaada, USAID, miradi ya kusoma iliyokuwa ikitegemea mfuko huo ilikatika katikati ya safari. Wizara iliyotia fedha zake ingekuwa na bajeti ya kuanzia, na maswali yake yenyewe ya kuuliza: nini kiendelee, kwa shilingi ngapi kwa mtoto, na nani awajibike kisipoendelea.