Umeme wa kutoka angani: mi siogopi kuungua, naogopa mwenye swichi

Ukimwambia mtu kuna watu wanataka kuweka sola huko juu angani, halafu umeme ushushwe duniani bila waya kwa mawimbi ya maikrowevu, swali la kwanza ni je, hatutachomeka? Na huwezi kumlaumu, maikrowevu kwa wengi wetu ni lile dude la kupashia kiporo. Ila mi naona hofu tumeiweka mahali sipo.

Wazo lenyewe la kitambo, mhandisi Peter Glaser alilitoa mwaka 1968, na mwishoni mwa miaka ya 70 NASA, shirika la anga la Marekani, pamoja na Wizara ya Nishati ya Marekani wakakaa wakalichora lote: setilaiti ya km 10 kwa km 5 iliyotulia juu ya ikweta umbali wa kama km 36,000, antena ya kurushia yenye upana wa km 1, na huku chini antena ya kupokelea ya km 10 kwa 13, yote hiyo ipatikane gigawati 5, yaani wati bilioni 5. Sasa pale katikati kabisa mawimbi yanapopiga kwa nguvu zaidi ni wati 230 kwa mita ya mraba. Jua la saa sita mchana ni kama wati 1,000. Yaani ukisimama pale hugeuki mishikaki. Na hata wakitaka kuyabana yawe makali zaidi hawawezi, kwa umbali ule na antena ile lazima yatawanyike, hapo fizikia haihongeki.

Wanaoipigia debe hii teknolojia hupenda kuishia hapohapo. Hawaendelei kukwambia kwamba kiwango cha usalama kwa mwananchi wa kawaida kwenye mawimbi ya aina hiyo ni wati 10 kwa mita ya mraba, kwahiyo pale katikati ni mara 23 ya hicho kiwango, na tofauti na jua linaloishia kwenye ngozi haya yanaingia ndani ya nyama. Sawa, watazungushia uzio. Ndege wa angani nao watasomewa tangazo na nani? Na wakihama kutoka maikrowevu kwenda leza, yaani mwanga uliobanwa ukawa mwali mwembamba, maana kuna wanaoitaka hiyo kwasababu mitambo yake inakuwa midogo, basi ile kinga ya kutawanyika inapungua sana na hapo tunaongelea kitu kinachokaribia silaha.

Haya turudi kwenye swichi. Usalama wa mfumo wote umekaa hivi: antena ya chini inatuma ishara juu, setilaiti inaifuata ishara hiyo kulenga, ishara ikikatika miale inasambaa inakosa nguvu. Mpango mzuri sana huo. Lakini maana yake ni kwamba anayeshika programu ya kuiongoza setilaiti ndiye anaamua umeme uende wapi leo na usiende wapi kesho, na bwawa la maji likiwa la kwenu angalau mnajua geti lake liko wapi na nani analinda. Hili likizimwa unaandamana wapi, km 36,000 juu?

Tena ile njia ya setilaiti juu ya ikweta kuna watu wa kwetu walishaidai. Mwaka 1976 Kenya, Uganda, Zaire (DRC ya leo) na Kongo ya Brazzaville walikuwa miongoni mwa nchi nane za ikweta zilizosaini Azimio la Bogota, wakisema ile sehemu ya njia iliyo juu ya nchi zao ni mali yao. Mataifa makubwa hayakulikubali na likafia hapo. Wengine wanalicheka mpaka leo, mi silicheki, naona waliuliza swali la maana mapema mno.

Alafu kuna mizigo ya kupandisha. Setilaiti moja ya ule mchoro ina tani zaidi ya 30,000, piga hesabu maroketi mangapi hayo. Tarehe 30 Desemba 2024 pete la chuma lenye upana wa kama mita 2.5 na kilo kama 500 lilidondoka kijiji cha Mukuku, Makueni, na Shirika la Anga la Kenya likasema ni kipande cha roketi. Mkataba wa kimataifa wa 1972 kuhusu hasara za vyombo vya angani unasema nchi iliyorusha ndo inalipa hasara, ila kwanza umjue aliyerusha. Na kitu kikivunjika kule juu kabisa hakishuki, hewa ya kukivuta chini haipo, kitazunguka hapo kikigonga vya wenzake vizazi na vizazi.

Sisemi watu waache kujaribu. Caltech, chuo kikuu cha California Marekani, walirusha kifaa chao cha majaribio Januari 2023 na mwaka huohuo wakanasa mawimbi yake juu ya paa la jengo lao Pasadena, kiasi kidogo sana, na ni kazi ya kupongezwa. Lakini NASA wenyewe kwenye ripoti ya Januari 2024 wakasema umeme huu ungegharimu mara 12 mpaka 80 ya umeme safi wa hapahapa chini. Mtu wa Dodoma mwenye jua mwaka mzima kwanini alinunue tena likiwa limezungushwa angani?

Wanasema pia chini ya ile antena ya km 10 kwa 13 watu wanaweza kulima kama kawaida, maana ni wavu, mwanga na mvua vinapita. Vizuri, basi waanze kulima wao.