Henry Johnson: nishani iliyofika miaka 97 baadaye

Kila akitajwa Henry Johnson, askari mweusi wa Marekani wa Vita vya Kwanza vya Dunia aliyepewa nishani ya juu kabisa ya nchi yake akiwa keshakufa zamani, watu wanagawanyika, wapo wanaosema afadhali Marekani ilijirekebisha na wapo wanaosema serikali ilikuwa inajisafisha tu. Mi naona wote wana hoja.

Jamaa alikuwa mbeba mizigo stesheni ya treni Albany, New York, akajiunga na kikosi cha weusi 1917, na kwa kuwa jeshi lao lilikuwa la ubaguzi kikosi kikakabidhiwa kwa Wafaransa. Usiku mmoja wa Mei 1918 yuko lindo na mwenzake Needham Roberts pembeni ya msitu wa Argonne kule Ufaransa, Wajerumani wakawavamia, Roberts akaumia vibaya. Johnson akarusha mabomu ya mkono mpaka yakaisha, akachukua bunduki ya Kifaransa akaijaza risasi za Kimarekani ikakwama, basi akaigeuza rungu, ilipovunjika akachomoa kisu kikubwa akawavaa wale waliokuwa wanataka kuondoka na Roberts. Majeraha 21! Ufaransa ikampa Croix de Guerre, nishani yao ya ushujaa vitani.

Kwao alipewa gwaride New York 1919 na jina lake likatumika kuuza stempu za kuchangia gharama za vita. Mwaka huohuo akasimama mji wa St. Louis akasema wazi jinsi askari wazungu walivyowanyanyasa weusi, baada ya hapo mialiko ikakata. Akafa 1929, hata 40 hajafika.

Sasa nishani ya juu kabisa, Medal of Honor, akaja kuitoa Obama 2015. Wanaoitetea wananigusa hapa: ni kelele za watu wa Albany na maveterani miaka na miaka ndo zilifanya rekodi zifukuliwe, hata kaburi lake kwenye makaburi ya kijeshi ya Arlington likajulikana 2002 wakati watu waliamini kazikwa kama fukara. Ila siku ya kukabidhi hakukuwa na ndugu wa damu aliyethibitika, akapokea sajenti meja wa New York. Kumheshimu mtu ambaye hawezi tena kukujibu ni rahisi mno, alipofungua mdomo St. Louis ndo ilikuwa mtihani.

Halafu angalia hii, 2023 kambi ya Fort Polk kule Louisiana, iliyobeba jina la Polk, jenerali wa upande uliotetea utumwa kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ikaitwa Fort Johnson, 2025 wakalifuta ikarudi Fort Polk, eti kwa heshima ya Polk mwingine. Miaka miwili tu! Ndo maana nasema walioikomalia nishani hawakupoteza muda, maana ile haing'olewi kama kibao cha getini.