Kuku Wanakula Droo ya Wakala

Kuna ushauri anaopewa kila mtu anapoagwa ofisini, na umenichosha. Mtu wa benki anaandika barua ya kuacha kazi baada ya miaka ya kufunga hesabu saa tatu usiku, anakatiwa keki, kisha wenzake wanamwambia afungue vyanzo vingi vya mapato, kimoja kikilala kingine kitaamka. Miezi mitatu baadaye ana banda la kuku Chanika, kibanda cha uwakala wa pesa Gongo la Mboto na pikipiki ya mkataba barabarani. Kila mtu anampongeza. Mimi namhofia, na nitaeleza kwa hesabu, kwa sababu aliyekwisha kutoa mafao yake anahitaji namba kuliko maneno ya kutia moyo.

Tuanze na kuku, maana karibu kila anayeacha kazi Dar huanza nao. Kuku 300 wa mayai, tangu kifaranga wa siku moja mpaka yai la kwanza, ni wiki 18 hadi 20. Kila mmoja atakula kilo 7 hadi 8 kabla hajataga. Chukua saba na nusu: ni kilo 2,250, yaani mifuko 45 ya kilo 50. Tuseme mfuko ni shilingi 65,000. Hapo zaidi ya milioni 2.9 zimekwisha liwa na hujauza trei hata moja.

Wakishaanza kutaga vizuri, kila kuku anakula kama gramu 115 kwa siku, kwa hiyo wote wanamaliza karibu mifuko mitano kwa wiki, shilingi 325,000. Wakitaga kwa asilimia 80 unaokota mayai 240 kwa siku, sawa na trei nane. Kwa wiki ni trei 56, na ukiuza kwa jumla, tuseme 8,000, unapata 448,000. Inabaki 123,000 ya kumlipa kijana wa banda, maranda, dawa, maji na umeme. Hiyo ni wiki nzuri ambayo kila mteja amelipa. Lakini wauza chipsi huchukua trei leo wakalipa Jumamosi, na mwenye duka anakwambia nikiuza nitakupa. Trei 20 zikiwa mtaani ni 160,000 ambayo haipo mkononi siku ya kununua chakula.

Sasa njoo kwenye kibanda. Uwakala ni biashara nzuri. Nasema hivyo kwa dhati, kwa sababu wengi wanaufunga wakidai haulipi, na mara nyingi sababu haiko kwenye uwakala. Tuchukue mtaji wa milioni 2: keshi 900,000 na floti, yaani hela iliyo kwenye laini ya uwakala, 1,100,000. Kuku wako wiki ya 14. Umri huo wanakula gramu 70 hadi 80 kila mmoja, kama mifuko mitatu kwa wiki, karibu 200,000, na yai bado. Fedha iliyo karibu ni ipi? Droo ya kibanda. Mwenye mali anachota 200,000 wiki hii, na wiki ijayo 200,000 nyingine. Hakuandika popote, kwa sababu anaamini zote ni hela zake.

Mwisho wa mwezi unafika, mishahara imetoka, watu wamekuja kutoa. Droo ina 500,000. Wa kwanza anatoa 300,000. Wa pili anataka 250,000, ikabaki 200,000 tu, anaambiwa keshi hakuna. Binti wa kibanda anakimbilia kwa wakala mkuu kubadilisha floti iwe keshi, na kibanda kinafungwa saa nzima siku yenye wateja wengi kuliko siku zote za mwezi. Mteja aliyerudishwa mara mbili harudi mara ya tatu, maana mita 50 mbele kuna kibanda kingine. Wakala anaishi kwa kamisheni ndogo ndogo za miamala mingi. Miamala ikipungua, kamisheni inapungua, na mwenye kibanda anahitimisha kwamba uwakala umekufa. Anafunga kibanda kilichokuwa kinamlisha, anabaki na banda lililokuwa linakula.

Hili ndilo linaloniumiza. Hasara yenyewe hutokea katika kila biashara. Lakini fedha ikihama kutoka biashara moja kwenda nyingine bila kuandikwa, huwezi tena kujua ipi inakufilisi. Biashara tatu zenye mfuko mmoja ni biashara moja yenye matobo matatu, na wewe unaliona tobo lililo karibu nawe tu.

Banda likikosa hela, balaa jingine hufuata: mtu ananunua chakula cha bei rahisi na kukibadilisha siku moja. Kuku hawakipokei hivyo. Chakula kipya huchanganywa na cha zamani kidogo kidogo kwa muda wa wiki nzima, la sivyo mayai yanashuka na hayarudi upesi. Wala usijaze stoo ukidhani umejikinga. Akiba ya wiki mbili au tatu inatosha, mifuko iwe juu ya mbao na mbali na ukuta, kwa sababu unyevu huleta ukungu, na ukungu huleta sumukuvu.

Muda nao ni mtaji. Chanjo ya ugonjwa wa kideri siku ya 7 na ya 21, gumboro siku ya 14 na ya 28, ndui wiki ya sita hadi ya nane, kisha kideri tena kila miezi mitatu: hizi tarehe hazihamishwi kwa sababu leo una kikao na dereva wa pikipiki. Chanjo ya kunyweshwa kwenye maji hubebwa kwenye barafu, ndani ya chupa ya chai kama huna kiboksi. Vifaranga hunyimwa maji saa moja au mbili ili wawe na kiu, kisha dawa inywewe yote ndani ya saa mbili. Maji ya bomba yana klorini inayoua chanjo, kwa hiyo weka kwanza maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2 hadi 2.5 kwa lita. Kazi hiyo hufanywa alfajiri, na alfajiri ndipo kibanda kinapofunguliwa. Ukimwachia kijana asiyefundishwa, atachanganya na maji ya bomba bila maziwa akuambie amechanja. Ni kweli amechanja, ila chanjo ilikuwa imekwisha kufa, na utalijua hilo kideri kikishaingia.

Pikipiki ya mkataba nitaisema kwa ufupi. Tuseme umeinunua milioni 2.8, dereva analeta 10,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, miezi 14, kisha inakuwa yake. Jumla ni 3,640,000. Maana yake ni kwamba katika kila 10,000 anayoleta, karibu 7,700 ni hela yako mwenyewe inarudi. Ukiila yote kama faida, mkataba ukiisha huna pikipiki wala mtaji.

Nakubali, japo kwa shingo upande, kwamba zipo biashara zinazobebana. Mbolea ya kuku ikienda kwenye bustani ya mchicha iliyo hapo hapo nyumbani, safari ni moja na jicho ni moja. Nakubali pia kwamba mtu aliyechoshwa na kazi ana haki ya kuondoka. Sina ugomvi na kuacha kazi.

Ugomvi wangu ni huu: mtu huyu huyu, akiwa benki, alikuwa hatoki jioni mpaka keshi ya kaunta ilingane na mfumo, hata tofauti ikiwa shilingi 500. Ujuzi huo ndio wa thamani kuliko mafao, naye ameuacha ofisini. Aurudie. Daftari tatu. Kibandani, asubuhi na jioni, keshi jumlisha floti ilingane na mtaji. Banda likikopa droo, iandikwe tarehe, kiasi na siku ya kurudisha. Fedha ya mifuko yote 45 itengwe kabla kifaranga hajaagizwa, na kama haitoshi, apunguze idadi ya vifaranga.

Aangalie miezi mitatu. Daftari likionyesha kuwa banda ndilo linalokopa kila wiki na kibanda ndicho kinacholipa, asisubiri yai la kwanza kwa matumaini. Kuku wa wiki 16 aliyepata chanjo zake zote ana mnunuzi. Auze nusu ya kundi, arudishe hela ya droo kabla ya mwisho wa mwezi, na wateja wa mishahara wakute keshi.