Tramu Isiyo na Konda

Mwezi wangu wa kwanza Leipzig, Ujerumani, nilipanda tramu, yaani treni ndogo ya barabarani, bila kulipa. Nalisema mapema, asije mtu akadhani nimekaa kuhubiri. Tramu za huku hazina geti wala konda wa kugongagonga sarafu kiganjani na kukukodolea macho mpaka utoe. Kwetu Unguja, ukipanda daladala ya Mwanakwerekwe huna nafasi ya kuwa mwaminifu wala mwizi, konda keshakuamulia. Huku unaachiwa mwenyewe. Wakaguzi wapo, tena wengine huvaa nguo za kiraia, na ukikamatwa faini ni yuro 60, lakini wiki tatu zilipita sijamwona hata mmoja.

Aliyenitilia mchanga kitumbua changu ni jirani yangu, bibi wa miaka themanini na kitu. Tunakaa Grünau, mtaa wa maghorofa ya zege yaliyoanza kujengwa 1976, zama za Ujerumani Mashariki. Siku ya kwanza kuyaona nilicheka peke yangu. Ni ndugu wa baba mmoja na maghorofa ya Kikwajuni nilikokulia, yaliyojengwa kwa msaada wa Wajerumani hao hao baada ya Mapinduzi ya 1964. Nilipomweleza bibi kwamba mimi na yeye tumelelewa na fundi mmoja, akanikaribisha ndani, akanikatia keki ya tufaha.

Basi siku moja tukaenda mjini pamoja. Yeye akakata tiketi, mimi nikakaa.

"Umelipa?"

Nikamwambia hakuna atakayeuliza.

"Mimi nimeuliza," akasema, akageukia dirishani.

Tuliposhuka akanionyesha kanisa la Nikolai, na pale ndipo aliponisimulia jioni ya tarehe 9 Oktoba 1989. Watu wapatao 70,000 walizunguka barabara ya mji huu wakidai uhuru, na askari wenye silaha wakiwangoja. Miezi minne nyuma yake wanafunzi wa Beijing walikuwa wamepigwa risasi, kila mtu alikuwa na habari hiyo. Bibi alimwachia dada yake mtoto na funguo za nyumba, maana hakuwa na hakika ya kurudi. Hakuna aliyefyatua. Mwezi mmoja baadaye ukuta wa Berlin ukafunguliwa.

Mimi ninayemfikiria sana ni yule kijana mwenye bunduki aliyesimama pale asifyatue. Januari 2001, siku ya maandamano Pemba, risasi zililia na watu wakafa, wengine wakakimbilia Shimoni, Kenya. Nilikuwa mdogo. Kilichonibaki ni baraza letu wiki ile: akitokea mtu asiyejulikana, wazee wanahamia bei ya nazi, akishapita wanarudi walipoachia.

Haya naandika nikiwa mkahawani, mgongo nimeupa mlango. Alhamdulillahi.

Lakini wale ndugu zangu wa ughaibuni wanaorudi likizo na wimbo wa "Wazungu waaminifu, sisi wezi" siwaelewi. Hivi wamesahau soko letu la Darajani, Unguja? Adhana ya adhuhuri ikilia, mwenye duka anaweka kiti mlangoni anakwenda kuswali. Vitambaa viko wazi, pengine na pesa ya mauzo imo ndani ya kopo, na hapavuki mtu. Hakuna kamera wala faini ya yuro 60.

Tofauti ninayoiona mimi ni gharama ya kutenda haki. Nilipokwenda nyumbani mara ya mwisho nilihitaji karatasi moja tu kutoka ofisi fulani. Karani akalisogeza faili langu pembeni ya meza, taratibu, kwa kidole kimoja, akasema siku zenyewe hizi joto, hata soda hatunywi. Nilikuwa na nafasi ya kukataa. Nikatoa. Aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, mzee wa shamba mwenye kanzu iliyofifia, alikataa, akaambiwa arudi Jumatatu. Nauli ya Jumatatu hiyo alilipa yeye. Huku Leipzig mimi sijawahi kuombwa soda na mtu yeyote, kwa hiyo wema wangu wa huku ni wa bei rahisi, na bei hiyo ilishalipwa na kina bibi kabla sijafika. Nashukuru, na shukrani yenyewe ina aibu ndani yake.

Kila tarehe 9 Oktoba watu hukusanyika hapa na mishumaa. Mwaka jana bibi hakuweza tena kutembea masafa marefu, nikamsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi kituoni. Tramu ilijaa mpaka milangoni, mkaguzi hata angetaka asingepita. Nikafunga breki za kiti, nikamtengeneza shali.

"Umelipa?"

Nikatoa simu nikamwonyesha tiketi yangu ya mwezi. Akafungua pochi, akavaa miwani, akaisoma yote mpaka tarehe.