Wanawake, Mifereji na Orodha ya Wanachama

Mradi wa umwagiliaji unapoandikwa siku hizi, ni nadra kukosa kifungu kinachotaka wanawake wawemo katika kamati ya maji. Mkutano wa Dublin wa mwaka 1992 ulitamka kwamba wanawake wana nafasi kuu katika kupata, kusimamia na kutunza maji, na tamko hilo limeingia katika sera za nchi nyingi, zikiwamo zetu. Wako wanaolipokea sharti hili kama haki iliyochelewa, na wako wanaoliona kuwa jambo la kuletwa, linalovuruga taratibu zilizogawa maji kwa vizazi vingi. Pande zote mbili zina hoja za kusikilizwa, ila naona zinabishania viti vya mkutano ilhali mzizi wa shauri uko katika orodha ya wanachama wa mfereji au skimu, yaani walioandikwa kuwa na haki ya maji.

Tuanze na Bonde la Kerio nchini Kenya, ambako Wamarakwet walichimba mifereji inayoteremsha maji ya mito kutoka nyanda za juu, kupitia miteremko mikali, hadi kwenye mashamba ya mtama, wimbi na mahindi. Mifereji hiyo ni ya koo, na kwa mila ni shughuli ya wanaume: wao huijenga, huizibua na huketi barazani kupanga zamu, huku mwanamke akikatazwa kushiriki katika kazi za mfereji. Lakini shambani, mwenye kulima na kuyaelekeza maji kwenye mimea mara nyingi ni mwanamke huyohuyo. Watafiti waliouchunguza mfumo huu katika miaka ya 1990 walikuta kwamba wanawake hawakosi maji, ila huyapata kwa njia zisizo rasmi: kupitia mume, mwana au ndugu, kwa kuomba, kwa kupeana na jirani, na pengine kwa kuyachepusha kimyakimya.

Hapo ndipo watetezi wa mila wanaposimama, na hoja yao si dhaifu. Wanasema kwamba mila ilimwepusha mwanamke na kazi ya hatari ya kutengeneza mifereji kwenye miteremko mikali, na kwamba kumwandikisha kuwa mwanachama kamili ni kumtwisha ada, faini na vikao juu ya kuni, watoto na palizi. Mtu anayeijua siku ya mwanamke wa kijijini hawezi kuipuuza hoja hiyo. Mlango wa nyuma, wanasema, unampa maji bila gharama.

Gharama ipo, ila hailipwi kwa fedha wala haionekani katika mwaka wenye mvua. Ukame unapobana na zamu zikafupishwa, maji ya kuomba ndiyo ya kwanza kukatwa, na aliyenyimwa hana pa kulalamika kwa sababu hakuwa na haki, alikuwa na hisani tu. Anayeumia zaidi ni mjane, au mwanamke aliyeachiwa shamba na mume aliyekwenda kutafuta kazi mjini. Kwenye mifongo, yaani mifereji ya jadi ya Wachagga mlimani Kilimanjaro, ambako haki ya maji imefungamana na kushiriki kazi za pamoja za mfereji, mwanamke anayeongoza kaya humtuma kijana wake au humlipa kibarua akafanye kazi hiyo kwa niaba yake. Asiye na kijana wala fedha hubaki kumtegemea jirani.

Ingekuwa faraja kuamini kwamba skimu za kisasa zimeliponya jambo hili. Mwea, katika Kaunti ya Kirinyaga, inaonyesha kinyume. Skimu hiyo ya mpunga ilianzishwa katika miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, na wapangaji wake walipewa kwa kawaida ekari 4 kila mmoja. Leseni ilikuwa ya mpangaji, ambaye mara nyingi alikuwa mume, na malipo ya mpunga yalipitia kwake. Mke alipandikiza na kupalilia majaruba, yaani vipande vya shamba la mpunga, kisha akangoja agawiwe. Kwa maoni yangu, hapa ubaguzi ulizidi kuwa mgumu kuliko katika mila yenyewe, kwa kuwa daftari la meneja halikuwa na mianya ambayo wanawake wa Kerio walijua kuipenya.

Sheria imesogea. Tanzania, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ilibatilisha mila zinazomnyima mwanamke ardhi, na ikataka wajumbe watatu kati ya saba wa Baraza la Ardhi la Kijiji wawe wanawake. Lakini mjumbe wa kamati ya maji asiye na jaruba kwa jina lake huzungumza kama mgeni. Atapewa uweka hazina kwa kuwa anaaminika na fedha, huku kufungua na kufunga milango ya maji kukibaki kwa wanaume kwa kisingizio cha zamu za usiku. Kisingizio hicho kina ukweli ndani yake, kwa sababu kutembea peke yake mferejini saa nane za usiku ni hatari kwa mwanamke. Basi zamu za mchana zitengwe kwa wanaozihitaji, badala ya hatari hiyo kugeuzwa sababu ya kumwengua.

Napendekeza uanachama umfuate anayelima, na mume na mke waandikwe pamoja. Wapo watakaosema kwamba kaya za wanandoa zitapata kura mbili na kuwazidi wengine. Hofu hiyo ni ya haki, na inatatuliwa kwa kura moja kwa kila jaruba, itakayopigwa na yeyote kati ya wawili hao. Lililo gumu zaidi ni suala la wanawake wanaokodi majaruba kwa msimu. Pale uanachama unapofuata umiliki wa shamba, mkodishaji hubaki mwanachama hata akiwa anaishi mjini, na mkodi hulipa ada na kushika jembe bila sauti yoyote. Katiba za skimu zimtambue mkodi kwa msimu anaolima, ingawa wamiliki watapinga, na miongoni mwao watakuwamo wanawake pia.