Mihadhara Inayogota Ukutani

Ukitaka kujua mhadhara kuhusu Ujerumani Mashariki utakufikisha wapi, tazama picha ya kwanza anayoonyesha mhadhiri. Ikiwa ni ya vijana waliopanda juu ya Ukuta wa Berlin usiku wa Novemba 9, 1989, jua kwamba saa moja baadaye mtakuwa mmefika Oktoba 3, 1990, siku ya kuungana, halafu makofi. Nimesikiliza mihadhara mingi ya namna hiyo, mingine ukumbini, mingine mtandaoni. Maswali yakifunguliwa, aghalabu huinuka mzee mmoja au mama wa viti vya nyuma akauliza habari za kiwanda alichofanyia kazi. Mhadhiri hujibu kwa adabu kwamba hilo ni somo la siku nyingine. Siku hiyo sijaiona ikitangazwa.

Kwa maoni yangu swali la mama yule ndilo lilipaswa kuwa mhadhara wenyewe, na habari za Ukuta zitoshe dakika kumi za utangulizi.

Julai 1, 1990 marki ya Magharibi ilianza kutumika Mashariki, na mishahara ikabadilishwa marki moja kwa marki moja. Watu walishangilia, na nani asingeshangilia? Lakini kiwanda cha Magdeburg au Chemnitz kilichozoea kuuza mashine zake Poland na Umoja wa Kisovyeti kiliamka kikiwa na bei za fedha ngumu ambayo wateja wale hawakuwa nayo. Hapo ndipo ilipoingia Treuhandanstalt, au kwa kifupi Treuhand, taasisi iliyoundwa Machi 1990 na kukabidhiwa kampuni zipatazo 8,500 zenye wafanyakazi kama milioni 4. Kazi yake ilikuwa ile ambayo Mtanzania yeyote aliyepita miaka ya 1990 anaifahamu bila kuelezwa: ubinafsishaji. Ilipofunga ofisi mwishoni mwa 1994, kampuni nyingi zilizouzwa zilikuwa mikononi mwa Wajerumani wa Magharibi, maelfu zilikuwa zimefungwa kabisa, na taasisi yenyewe iliacha deni la zaidi ya marki bilioni 200. Mkuu wake, Detlev Rohwedder, alipigwa risasi nyumbani kwake Düsseldorf Aprili 1, 1991.

Mwaka 1993 wachimbaji wa potashi, madini ya mbolea, wa Bischofferode, kijiji cha jimbo la Thüringen, waligoma kula ili mgodi wao usifungwe. Walisema Bischofferode iko kila mahali. Mgodi ulifungwa. Septemba 2024 chama cha AfD, cha mrengo mkali wa kulia kinachopinga wahamiaji, kiliongoza uchaguzi wa jimbo hilohilo kwa karibu theluthi ya kura. Sidai kwamba la kwanza lilizaa la pili. Kuna suala la wahamiaji, kuna vita vya Ukraine, kuna vijiji vilivyokimbiwa na vijana wake, hasa wasichana. Ila anayetaka kunieleza kura hizo huku akiiruka miaka ile ataniwia radhi nikitoka kabla ya makofi.

Kwa nini basi wahadhiri wanaipenda sana Stasi, idara ya usalama ya Ujerumani Mashariki, na kuipita Treuhand mbiombio? Wengi husema ni upendeleo wa Magharibi. Upo, lakini mimi naona sababu ya msingi ni mafaili. Januari 15, 1990 wananchi waliingia makao makuu ya Stasi kule Lichtenberg, Berlin, kuzuia nyaraka zisiendelee kuharibiwa. Sheria ikapitishwa Desemba 1991, na kuanzia Januari 1992 mtu aliweza kuomba faili lake akajua ni jirani yupi alikuwa shushushu. Ni rafu za mafaili zenye urefu wa kilomita takriban 111. Hakuna hazina kama hiyo duniani, na watafiti waliivamia. Nyaraka za Treuhand zilifuata kanuni ya kawaida ya serikali: miaka 30 chini ya kufuli. Kwa hiyo kizazi kizima cha wahadhiri kilikuwa na ushahidi tele juu ya aliyepeleleza ghorofa ya tatu, na ushahidi mchache mno juu ya aliyetia saini kiwanda kifungwe. Pengo hilo lilizibwa sebuleni, kwenye baa, na hatimaye majukwaani, na wanasiasa hawakuhitaji nyaraka yoyote.

Najua nitajibiwa kwamba viwanda vile vilikuwa vimeoza zamani. Ni kweli. Gerhard Schürer, aliyesimamia mipango ya uchumi, aliiambia Politburo, kamati ya juu ya uongozi wa chama tawala, Oktoba 1989 kwamba kuzuia deni tu lisiongezeke kungeshusha hali ya maisha kwa asilimia 25 hadi 30. Hilo nalo lisemwe, tena mbele ya yule mama. Mhadhara wa hadhara haukuwekwa ili kuwabembeleza wazee. Lakini asikie hesabu na aoneshwe karatasi, badala ya kuambiwa eti anakumbuka zamani kwa mapenzi tu.

Na mihadhara hiyo itoke Berlin, iende huko huko Bischofferode.

Kuna watakaosema haya ni ya Wajerumani, sisi yanatuhusu nini. Majumba ya Kikwajuni pale Unguja yalijengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964, Zanzibar ilipoitambua nchi hiyo wakati sehemu kubwa ya Afrika ikiiogopa Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, isiyotaka nchi hiyo itambuliwe. Mwaka 1965, Ujerumani Mashariki iliporuhusiwa kufungua ubalozi mdogo Dar es Salaam, Bonn ilikata msaada wake wa kijeshi, na Mwalimu akaukataa na ule mwingine. Watu wa Stasi nao walishiriki kufundisha usalama wa Zanzibar, sehemu ambayo huwa hatuipendi kuisimulia. Nyaraka nyingi za upande wao ziko Berlin na zinasomeka. Mhadhara ambao ningelipa nauli ya boti kwenda kuusikiliza ni wa mtu atakayezisoma, aje Unguja azieleze kwa Kiswahili, na asiishie kwenye majengo: aseme pia wanafunzi wetu waliokuwa Leipzig walifanywaje pale nchi iliyowaalika ilipofutika.