Renja asiyepotea ndo aliyetuharibia safari

Nianze na punda, manake watu wa hapa Amu, yaani Lamu, wakiskia nacheza gemu ya mazimwi na wachawi, ya kusimulia hadithi na kurusha dadu mezani, swali la kwanza ni kama kuna punda. Yuko. Kwenye meza yetu kuna kijana wa boti, kazi yake kupeleka watu Pate na Faza na kuwarudisha, na tulipoanza kampeni (hadithi ndefu) yetu ya Dungeons & Dragons akachagua klasi, yaani aina ya mhusika, ya renja, yule mtu wa porini mwenye upinde na mnyama wake, halafu akagoma kabisa kuchukua mbwa mwitu au mwewe kama watu wengine duniani, akasema yeye ni mtu wa Amu na mnyama wake ni punda, basi. Nkafungua kitabu cha sheria cha 2014 nikitafuta pa kumkatalia, nkakuta sheria iko upande wake, mnyama asizidi saizi ya wastani na ukali wake kwa kipimo cha gemu usizidi robo. Nkachukua namba za baghala nkaziandika jina la punda. Levo ya 3, uhai 12.

Sasa kwa sheria zile za 2014 ukitaka mnyama wako apige lazima wewe utumie aksheni yako, kitendo chako kikuu cha zamu, kumwamrisha. Yaani kwa levo hiyo punda akipiga teke, mshale wako haurushwi. Ukirusha mshale, punda anasimama hapo anaangalia watu wakichinjana. Hilo wallahi ndo punda halisi, lakini kwenye gemu halipendezi.

Tunacheza barazani kwa binamu yangu baada ya isha, watu watano. Mimi ndo naendesha gemu. Binamu yangu ni faita, mpiganaji wa upanga, dada mmoja mwalimu ni wizadi, mchawi, na wa tano ni kleriki, mtu wa dini, ambae mara nyingi yuko kimya, anaponya watu huku akiangalia simu. Kwa miezi nlikua naona yule wa boti anazidi kunyamaza. Zamu yake ikifika anarusha mishale, anasoma namba, anarudi kwenye chai. Na mimi kama mtu yeyote mwenye haraka nkasema aah, klasi yake dhaifu, mitandaoni pia watu washasema renja ni dhaifu, ntamwongezea demeji, yaani madhara anayompa adui.

Kabla sijaongeza nkatoa karatasi nkapiga hesabu. Tulikua levo ya 5. Upinde mrefu ni dadu ya sura 8, wastani wake 4.5. Speli yake, uchawi wake, ya Alama ya Mwindaji inaongeza dadu ya sura 6, wastani 3.5. Wepesi wake unampa 4. Jumla 12 kwa mshale ukipata, na levo ya 5 anarusha miwili kwa zamu, 24. Binamu yangu na lile upanga lake la mikono miwili ana dadu 2 za sura 6, wastani 7, nguvu zinampa 4, ni 11, mara mbili ni 22. Yaani renja anampita faita, tena akiwa mbali hata damu haimrukii. Wizadi ndo ana mpira wa moto wa dadu 8 za sura 6, wastani 28 kwa kila alie ndani, lakini anaurusha mara mbili kwa siku, tatu akipata mapumziko. Sasa huyo dhaifu yuko wapi? Nliikunja ile karatasi nkaongeza demeji hivo hivo, kwa ukaidi tu, dadu moja ya sura 6 kila zamu. Wiki ilofuata binamu yangu akaniuliza, "Sasa mimi hapa kazi yangu ni kupigwa tu?" Na yule wa boti? Vile vile. Mishale, namba, chai.

Ntakwambia siku ilonifungua macho. Dunia yetu ni ya visiwa, sina ubunifu mwingi, nimechora tu hapa kwetu nkaongeza majoka. Nlikua nimekaa wiki nzima natayarisha safari ya kupita mkondo wa mikoko, na ramani, na saa za maji kupwa, na fungu la mchanga linalojificha, na watu wanaowaotea kwenye kona. Nkaanza kusimulia vizuri, mnaingia mikokoni, jua linakaribia kuzama. Yule wa boti akainua kichwa akasema, "Mimi nlichagua pwani. Hatupotei."

Na yuko sawa! Kitabu cha 2014 kinampa renja mazingira yake maalum, anachagua moja kati ya manane, na akiwa humo kundi lake halipotei isipokua kwa uchawi, ardhi mbovu haiwachelewishi, chakula anapata mara mbili, akiona nyayo anajua wamepita wangapi, ukubwa gani na lini. Ukisoma unaona kaka, hii ni nguvu kubwa. Kumbe ni kifutio. Wiki yangu nzima ilikwisha kwa dakika mbili, na aliyeimaliza hakupata hata kurusha dadu, hakupata hata kuongea, alisema sentensi moja akarudi kwenye chai yake. Baadae wakapanda milimani na huko hana lolote, sawa na kleriki tu, manake mlima hakuchagua.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba huyu ni mtu ambae asubuhi yake yote ni maswali. Akitoka hapa kupitia mkondo wa Mkanda lazima ajue yeo ni bamvua au maji mafu, upepo ni kusi au kaskazi, boti imebeba kiasi gani, mwenye mzigo wa simenti kakaa upande upi. Akikosea anakaa juu ya mchanga na abiria wanamtukana mpaka maji yajae. Ujuzi wake wa kweli ni kuuliza na kuamua, tena muda mwingine kuamua vibaya. Halafu anakuja kwenye gemu anapewa mtu ambae hahitaji kuuliza chochote. Hapo ndo nkaona kwamba tunaposema balansi, usawa wa klasi, hua tunahesabu demeji kwa sababu demeji inahesabika, lakini mtu anaboeka kwa sababu nyingine kabisa, klasi yake haimpi cha kuamua.

Wazee pale uwanjani Mkunguni wakicheza bao hawana shida hii. Kila mtu kete 32, mashimo ni yale yale, ukifungwa umefungwa na akili yako, huendi kulalamika kwamba kete za mwenzio zina nguvu. Gemu ambayo kila mtu ana kitu tofauti huwezi kuisawazisha kwa kuhesabu kete. Lazima uangalie mtu amefanya nini usiku kucha.

Na si mimi peke yangu nliehangaika na huyu renja. Alitokea 1975, mwaka mmoja baada ya gemu yenyewe, na zamani alikua na demeji ya ziada dhidi ya majitu na jamii yao, yaani siku hamna majitu ujue umebeba upinde wa mapambo. Toleo la 2014 ndo hilo nlilosimulia. 2016 Wizards of the Coast, kampuni yenye gemu, wakatoa renja wa majaribio, 2020 wakaongeza kwenye kitabu cha nyongeza mambo ya kubadilishana na yale ya zamani, na mnyama mpya anaeamrishwa kwa bonasi aksheni, kitendo kidogo cha ziada kwenye zamu, na 2024 wakamshona upya tena kama suruali ya shule. Hii ya 2024 mimi naiheshimu lakini imenichekesha pahala pamoja. Wameijenga karibu yote juu ya Alama ya Mwindaji, unapewa bure mara kadhaa kwa siku, sawa, lakini bado inakula konsentresheni, ile akili ya kushikilia speli moja tu kwa wakati, kwa hiyo speli zako nyingine nzuri zinakaa kabatini, na ukifika levo ya 20, kileleni kabisa, zawadi yako ni kwamba ile dadu ya sura 6 inakua ya sura 10. Piga hesabu. Wastani unapanda kutoka 3.5 mpaka 5.5. Mbili! Wenzio huko wamekaribia kuwa miungu, wewe umeongezwa mbili.

Mtawa, yule wa ngumi, walimtengeneza vizuri zaidi mwaka huo huo. Zamani kila akitaka kukimbia au kujitoa kwenye vita analipa pointi, akaishiwa anabaki kama mtu alietoka kuoga. Sasa kukimbia bure, kujitoa bure, na akilipa pointi anapata na cha ziada juu. Pale unaona mtu alikaa akajiuliza huyu mchezaji kila zamu anafanya nini.

Basi nlichofanya mimi. Nliondoa lile dadu la ukaidi, binamu yangu akatulia. Nkafuta kabisa "hatupotei". Badala yake renja ana kitu nimekiita ishara. Idadi ni sawa na ile bonasi ya ujuzi inayopanda na levo, kwa hiyo levo ya 1 ana 2, levo ya 5 ana 3, mwisho kabisa 6, na zinarudi akilala usiku. Ishara moja inamnunulia swali moja kuhusu mahali walipo, popote, pwani, mlima, jangwa, na mimi lazima nijibu ukweli. Nani kapita hapa. Maji yanapwa saa ngapi. Kwa nini ndege wamenyamaza. Au anaitumia vita inapoanza, kabla dadu ya kwanza haijarushwa, kuwapanga wenzake wasimame wapi. Zikiisha anapotea kama mtu mwingine yeyote.

Mara ya kwanza haikufanya kazi. Alizibana zote tatu kama mtu mwenye noti mpya mfukoni, akalala nazo, asubuhi zikaanza upya. Nkagundua kosa ni langu, maswali yalikua hayana haja, njia nlioisimulia ilikua imenyooka tu, nani atanunua jibu la kitu anachokiona. Kwa hiyo ukibadilisha klasi ya renja ujue umejibadilishia kazi na wewe mwendeshaji, lazima safari iwe na kitu kinachofaa kuulizwa. Hili watu hawalisemi.

Halafu akaja mwalimu na malalamiko yake. Yeye ana bundi wa speli anaemtuma kupeleleza, bure kabisa, na tangu mwanzo huyo bundi alikua na kesi manake kleriki wetu hakutaka bundi atajwe usiku nyumbani kwa watu, tukakubaliana aitwe "yule ndege". Mwalimu akasema sasa ishara zimemfukuza yule ndege kazi. Nkafikiria siku mbili. Tukamaliza hivi, yule ndege anaona kilichopo sasa hivi, ishara zinasema kilichopita na kinachokuja. Ndege anaona boti tatu, renja anajua zimekaa tangu jana na zitaweza kutoka maji yakijaa. Toka hapo hao wawili wanapanga pamoja, na mimi ndo naonewa.

Kosa langu kubwa lilikua Alama ya Mwindaji. Nliichukua ile ya 2024 inayokuja levo ya 1, nkaona konsentresheni ni mzigo, nkaitoa. Nkajiona fundi. Binamu yangu akasoma ile karatasi kimya kimya, akaangalia wepesi wake, akaangalia busara yake, zote 13 kamili, zinatosha kuchanganya klasi, akasema akipanda levo anachukua levo moja ya renja. Piga hesabu tena, upanga 22, ongeza 3.5 mara mbili, 29 kila zamu bila kuchunga konsentresheni wala kitu, kwa gharama ya levo moja. Nkacheka lakini moyoni nlikua nimeumia. Kitu kizuri ukikiweka mlangoni kila mpita njia atakichukua, hii ilikua ya kuwekwa ndani. Sasa konsentresheni inaondoka renja akifika levo ya 5 ya urenja, na faita anaetaka hilo aje atoe levo tano zake, tuone.

Punda nae nimempa ile sheria ya 2020, bonasi aksheni moja na anapiga teke. Inagongana na Alama, nayo inataka bonasi aksheni, kwa hiyo zamu ya kwanza ni alama au teke. Yule wa boti alilalamika, nkamwachia hivo hivo, manake alilalamika kwa dakika kumi akiwa amesimama na chai ikapoa.

Sijui levo ya 11 itakuaje, hatujafika. Nahisi ishara 4 zitakua nyingi na ntalazimika kupandisha bei ya kuwapanga wenzake vitani, lakini siguzi kitu sasa.

Ijumaa ilopita tuliachia hapa: wamekwama kwenye fungu la mchanga, maji yamepwa, boti tatu ziko kwenye kona, ishara imebaki moja. Binamu yangu anataka itumike kuwapanga kwa vita. Mwalimu anataka kujua boti zimebeba nani. Yule wa boti amekataa wote wawili, amesema haitoi mpaka nimwambie mwezi wa usiku huo uko vipi, na huo mwezi kusema kweli sikuwa nimeuandika.